Geji za Datsun 240Z Iliyobadilishwa Injini: Nini Kibaki, Nini Kiondoke

Mtu akifunga injini mpya kwenye Datsun 240Z, ubishi wa kwanza huwa juu ya nguvu: iwe na turbo au isiwe nayo, iwe ya silinda sita au nane. Ubishi wa dashibodi huchelewa kuanza, lakini ukianza hauishi. Mmoja anashikilia kwamba geji zilizotoka na gari zisiguswe, kwani ndizo sura yake. Mwingine anasema vyombo vya miaka ya 1970 vimekwisha kazi, ving'olewe vyote na mahali pake ifungwe skrini. Wa tatu haondoi kitu. Ananunua geji tatu za dukani, anazipachika kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kujihesabu amemaliza. Kila mmoja ukimsikiliza peke yake anaeleweka, ndiyo maana mwenye gari hubaki njia panda na mwisho huchagua kwa macho. Msimamo ninaoutetea hapa ni kwamba geji ichaguliwe kwa kuuliza injini iliyopo sasa inaweza kufa kwa njia gani, na ndani ya sekunde ngapi. Sura ya dashibodi inaweza kuhifadhiwa karibu kila mara. Kinachotakiwa kubadilika ni kile kilicho nyuma ya sura hiyo, na kuna chombo kimoja, amita, ambacho hakina utetezi wowote.

Dashibodi ilivyoundwa

Gari hili lilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya nje likauzwa kama Datsun 240Z hadi mwaka 1973. Injini yake, L24, ina silinda sita kwa mstari na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ikilishwa na kabureta mbili. Afrika Mashariki inalifahamu kupitia Safari Rally: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews, akashinda nalo tena, ukiwa wa kwanza kati ya ushindi wake wa mara tano. Magari ya ukoo huo bado yanaonekana kwenye East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Kwa hiyo swali la namna ya kulitunza na kulibadilisha si la wakusanyaji wa Marekani na Japani peke yao.

Mbele ya dereva kuna geji mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini. Katikati ya dashibodi, zikiwa zimezama kwenye matundu yaliyogeuzwa kumwelekea dereva, kuna tatu ndogo: ya kwanza imebeba temperecha ya maji na presha ya oili kwa pamoja, ya pili amita na kiwango cha petroli, ya tatu ni saa. Kwa uso zote ni ndugu. Kwa ndani, ukiacha saa, zinafanya kazi kwa njia nne tofauti kabisa, na kutojua hilo ndiko kunakozaa ushauri mwingi unaopingana. Spidomita inazungushwa na kebo inayotoka kwenye gia ndogo ubavuni mwa giaboksi. Kebo inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha metali, kikombe kinavutwa, na springi nyembamba inakizuia kisiende mbali. Geji ya mizunguko inahisi mkondo wa umeme unaokwenda kwenye koili, maana waya unaoilisha koili unapita nyuma ya geji hiyo. Temperecha, presha ya oili na petroli zinatumia utepe wa metali mbili zilizoshikamana: mkondo mdogo unaupasha joto, utepe unapinda, mshale unasogea, na sensa ndiyo inayoamua mkondo uwe mkubwa au mdogo. Amita haihisi kitu kwa mbali. Umeme wenyewe wa gari unapita ndani yake.

Jinsi mshale unavyoanza kudanganya

Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, mfumo huu unatosha. Tatizo ni kwamba kila geji ilitengenezwa kwa ajili ya injini fulani, difu fulani na tairi fulani, nayo haina njia ya kujua kwamba vitu hivyo vimebadilika. Tuchukue spidomita. Gari nyingi zilizouzwa Marekani zilikuwa na giaboksi ya gia nne na difu yenye uwiano wa 3.364. Wanaotaka gari lichomoke haraka hufunga difu ya 3.9. Kwa mwendo uleule propela sasa inazunguka zaidi kwa asilimia 16, na kwa kuwa kebo inasoma mzunguko wa upande huo wa giaboksi, mshale nao unaongeza asilimia 16. Halafu mwenye gari anaondoa tairi za 175 za inchi 14, zenye kipenyo cha milimita 635 hivi, anaweka 225/50 za inchi 15 zenye milimita 606. Hapo inaongezeka karibu asilimia 5. Makosa mawili yakizidishana, gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa linaonyesha takriban 121. Kipimo cha Umoja wa Mataifa cha spidomita, Kanuni Namba 39, hakiruhusu geji ionyeshe pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, na upande wa kuzidisha kinaruhusu asilimia 10 na kilometa 4 juu yake, yaani mwisho 114 kwenye mwendo huo. Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya magari yanayoidhinishwa yakiwa mapya, lakini kama rula ni nzuri, na gari letu limeivuka. Anayefanya kinyume, difu nyepesi na tairi kubwa, anapata kosa baya zaidi: geji inayomwambia anatembea taratibu.

Geji ya mizunguko nayo inahesabu miale ya plagi. Injini ya silinda sita yenye koili moja hutoa miale mitatu kwa kila mzunguko. Ya silinda nane hutoa minne. Ukifunga V8 ukaiachia geji ya sita isome, injini inayozunguka mara 4,500 kwa dakika itaonyesha 6,000. Tena mfumo mpya wa kuwasha usiotumia mkondo wa koili kwa mtindo wa zamani unaweza kuufanya mshale urukeruke au ulale kabisa. Na kwa kuwa waya wa koili unapita hapo, mtu anayeing'oa geji hiyo bila kuunganisha nyaya zake nyuma atashangaa injini haiwaki, akaanza kutafuta ugonjwa kwenye kabureta.

Kwenye temperecha na presha kosa limejificha zaidi, kwa sababu mshale unasogea na unaonekana mzima. Sensa ni kinzani, na kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Geji nyingi za VDO za Ulaya zinasoma presha kwa sensa ya omu 10 hadi 180, inayopanda kadiri presha inavyopanda. Geji nyingi za Marekani zinategemea sensa ya omu 240 hadi 33, inayoshuka presha ikipanda. Fundi anayefunga RB26 ya Nissan Skyline GT-R au injini ya LS ya General Motors, akaiacha sensa iliyokuja na injini hiyo na kuiunganisha na geji ya 1971, amepata mshale unaocheza lakini hausemi chochote cha kweli. Hatari ya mshale wa namna hii inazidi ile ya mshale uliokufa, kwani uliokufa hauaminiwi na mtu.

Kuna pia suala la kasi ya mshale. Utepe wa metali mbili huchukua sekunde kadhaa kupata joto na kupinda. Kwenye petroli huo ni uzuri, kwa kuwa mafuta yakiyumba tenkini mshale unatulia. Kwenye presha ya oili ya gari lililoongezwa nguvu na kuvishwa tairi zinazoshika sana, ni hatari. Katika kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, presha inaanguka kwa sekunde moja au mbili kisha inarudi. Mshale wa joto hautikisiki. Beringi za krenkishafti, ambazo kazi yao yote inategemea utando mwembamba wa oili kati ya chuma na chuma, zimeumia, na dereva ataingia kona inayofuata akiamini mambo ni shwari.

Amita

Hapa sioni pande mbili za kupimwa. Amita ya 240Z imefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo karibu umeme wote wa gari, ukiacha ule wa stata, unatoka kwenye injini, unaingia ndani ya kabini, unapita katikati ya geji na kurudi. Alteneta ya wakati ule ilitoa takriban ampea 50, na mara nyingi haikuombwa zote: taa, wipa, redio, basi. Gari lililobadilishwa lina feni za umeme za radieta, pampu ya petroli ya presha kubwa, kompyuta ya injini na koili kadhaa, na kwa sababu hiyo alteneta ya ampea 80, 100 au zaidi. Joto kwenye kiungio huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Na viungio vyenyewe vina zaidi ya miaka 50. Ukiichomoa geji hiyo ukaitazama mgongoni, mara nyingi utakuta skrubu mbili za amita zimebadilika rangi na plastiki ya waya imekakamaa, ya kahawia, ikivunjika vipande ukiipinda. Moto ukianza hapo, unaanzia nyuma ya dashibodi ya sponji na plastiki, sentimita chache kutoka magotini mwa abiria.

Wanaoitetea husema amita inaonyesha kitu ambacho voltimita haionyeshi, yaani umeme unaingia kwenye betri au unatoka. Ni kweli, lakini dereva anachohitaji kujua ni kama alteneta inachaji, na voltimita inamwambia hilo kwa waya mwembamba wenye fyuzi ndogo: kati ya volti 13.8 na 14.4 inachaji, chini ya 12.5 injini ikiwa inawaka haichaji. Nissan wenyewe walifikia uamuzi huohuo; 280Z, toleo la baadaye la gari hili, ilikuja kuwa na voltimita. Mwenye 240Z anaweza kufunga voltimita ya ukoo huohuo ndani ya tundu lilelile na mgeni asione tofauti.

Hoja ya wanaohifadhi

Kundi la kwanza hupuuzwa kama watu wa hisia, na huko ni kutowatendea haki. Hoja yao ya kwanza ni thamani. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyokuwa imetembea kidogo na kubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Soko linalipa uhalisi, na kila tundu linalotobolewa kwenye dashibodi ni fedha inayotoka. Ngozi bandia ya dashibodi ya gari hili hupasuka kwa jua hata bila kuguswa. Iliyo nzima ni adimu.

Hoja yao ya pili ina uzito kuliko wanavyojua wenyewe. Mshale unasomeka bila kusomwa. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones, waliokuwa wakifanya utafiti kwa jeshi la anga la Marekani, walichambua visa 270 vya marubani kukosea kusoma vyombo, na kazi hiyo pamoja na nyingine za enzi hizo ndiyo iliyojenga elimu ya namna jicho linavyotumia geji. Elimu hiyo imesimama hadi leo: tarakimu zinashinda pale mtu anapotaka kiasi kamili, mshale unashinda pale anapotaka kujua tu kama mambo yako sawa na yanaelekea wapi. Kwa mwendo wa kilometa 100 gari linakwenda mita 28 kwa sekunde moja. Dereva hana nafasi ya kusoma. Ana nafasi ya kutupa jicho. Ndiyo sababu madereva wa mbio za zamani waliizungusha geji ndani ya tundu lake mpaka mshale usimame wima injini ikiwa salama, hata maandishi yakikaa upande.

Lakini hoja zote mbili zinatetea uso wa geji. Hakuna hata moja inayotetea utepe wa metali mbili au waya wa amita. Na hoja ya thamani inapungua nguvu mara tu gari linapobadilishwa injini, kwani mnunuzi wa dola 310,000 hatafuti gari hilo. Kinachobaki kwake ni busara ndogo lakini ya maana: geji zilizotolewa zifungwe vizuri na kuwekwa, na mabadiliko yafanywe bila kukata chuma wala dashibodi, ili siku moja vitu viweze kurudi.

Kwetu huku husikika pia pingamizi la Safari: gari hili lilishinda mara mbili kwenye matope na vumbi kwa geji za wakati ule, leo tunadai nini zaidi? Jibu ni kwamba lilishinda na injini ya hewa ya kawaida iliyofahamika mipaka yake hadi mwisho, ikihudumiwa na mafundi wa kiwanda waliokuwa wakilisubiri njiani, likiwa na mtu wa pili ndani. Gari la mtaani lenye turbo lina dereva mmoja, na mafundi wake wako mbali.

Geji za ziada

Njia ya nguzo ya kioo ni rahisi na ya bei nafuu, na kwa baadhi ya magari inatosha. Faida yake kubwa ni kwamba geji na sensa zinanunuliwa pamoja, kwa hiyo zinaelewana. Kuna pia geji za presha zisizotumia umeme kabisa, zenye mrija uliopinda unaonyooka presha ikipanda, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Zinajibu papo hapo na ni za kuaminika. Kasoro yake ni kwamba oili yenyewe, ya moto, inaletwa kwa bomba jembamba hadi ndani ya kabini. Bomba la nailoni likisuguana na ukuta wa chuma bila mpira wa kulizuia, oili inamwagikia miguu ya dereva akiwa barabarani. Kwenye gari la mbio linalokaguliwa kila wiki hilo linavumilika. Kwenye gari la familia la Jumapili, sensa ya umeme ni bora.

Udhaifu mwingine ni mahali. Geji kwenye nguzo zinaziba sehemu ya pembeni ambako watembea kwa miguu na pikipiki hutokea, na nguzo za 240Z ni nyembamba, uzuri ambao hauna sababu ya kupotezwa. Tena mwenye gari anaishia na geji mbili za presha ya oili, ya zamani inayodanganya na mpya inayosema kweli, na siku ya shida jicho litakwenda kwenye ile lililoizoea.

Geji moja ya ziada inastahili kufungwa na yeyote aliyegusa mafuta au turbo: ile inayosoma uwiano wa hewa na petroli kutoka kwenye moshi wa ekzosi kwa sensa ya oksijeni ya upimaji mpana (wideband). Uwiano wa 14.7 kwa 1 ndio wa uunguaji kamili wa petroli. Injini ya turbo inapovuta kwa nguvu zote hutaka karibu 11 hadi 12, na ikienda kwenye 14 hapo inatoboa pistoni kabla maji hayajapata joto. Kwa eneo letu ina kazi ya ziada. Kabureta zilizorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, zitamwaga petroli kupita kiasi Nairobi kwenye mita 1,795, ambako hewa ni nyepesi, na zilizorekebishwa Nairobi zitakuwa kavu mno zikishuka pwani. Upande wa kavu ndio unaoua, na geji ya kiwandani haina njia ya kuuona.

Skrini

Kundi la skrini lina hoja ya kiufundi iliyo imara kuliko zote. Gari lenye kompyuta ya injini tayari lina sensa za maji, presha, hewa na mizunguko, na kompyuta hiyo inazituma habari zake kwa nyaya mbili, kupitia mfumo wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Skrini inachukua hapo hapo. Sensa ni moja, namba ni moja, injini na dereva wanaona kitu kilekile. Inahifadhi kumbukumbu, kwa hiyo anguko la presha la sekunde moja kwenye kona linaonekana jioni kwenye laptopu. Na muhimu kuliko yote, inaweza kupiga kelele: presha ikiwa chini ya kiasi fulani kwa mizunguko fulani, skrini yote inakuwa nyekundu.

Gharama zake hazitajwi sana. Kitu kimoja kikifa, vyote vimekufa, mwendo na mafuta pamoja. Jua la saa nane likipiga kupitia kioo kikubwa cha nyuma cha 240Z, skrini nyingi hufifia. Mpangilio unaokuja nazo huwa umejaa tarakimu, jambo linalorudisha kosa ambalo watafiti wa 1947 walikuwa wanalikimbia, ingawa hili linatibika kwa kuchora mishale. Na kuna umri: geji ya 1971 bado inafunguliwa na kurekebishwa na fundi mwenye subira, ilhali skrini ambayo mtengenezaji wake ameacha programu yake hairekebishiki. Anayefunga skrini leo anapaswa kukubali kwamba atafunga nyingine kabla gari halijachoka. Zaidi ya hayo inaondoa kitu kilichomfanya mtu anunue 240Z badala ya gari la mwaka huu, na sioni aibu kukihesabu kama gharama.

Uso wa zamani, moyo mpya

Njia ya nne inaziba sehemu kubwa ya mapengo haya. Geji za asili zinafunguliwa, sura yake na mshale wake vinabaki, na ndani inawekwa mota ndogo inayosogea kwa hatua, ikiongozwa na saketi inayosoma sensa mpya. Spidomita inaweza kusoma sensa ya giaboksi na kurekebishwa kwa difu na tairi zozote, au kusoma setilaiti. Ya setilaiti haijali difu wala tairi, ila huchelewa kidogo gari linapochomoka au kufunga breki, na kwenye mahandaki inapotea, kwa hiyo kama giaboksi ina sensa, sensa itangulie. Geji ya mizunguko inaambiwa idadi ya silinda. Presha ya oili inaweza kupewa kasi, huku petroli ikiachiwa uvivu wake mzuri.

Pingamizi lipo: ni ghali, kazi ni ya mikono, na mizani iliyochapishwa haibadiliki. Kama sura ya asili haina geji ya turbo, haitakuwa nayo bila kuichapa upya au kutoa saa. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini saa ni kafara rahisi. Kuna pia suala la kilometa zilizotembewa. Marekani, sheria ya shirikisho inataka geji ikibadilishwa na namba ya zamani isiweze kuwekwa, mpya ianzie sifuri na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto kikieleza namba ya awali na tarehe ya kazi. Wanunuzi wa magari yaliyotumika wa Dar es Salaam na Nairobi wanajua vema uchungu wa kilometa zilizorudishwa nyuma. Hata pasipo sheria inayomdai, mwenye gari aandike namba hiyo.

Kupima uzito

Kwa L24 iliyofanyiwa matengenezo mepesi, kabureta bora na ekzosi, bila turbo, sioni sababu ya kung'oa dashibodi. Amita iondoke, gia ya kebo ya spidomita ibadilishwe kulingana na difu, sensa za zamani ziwekwe mpya za aina ileile, na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli ikae mahali padogo panapoonekana. Kwa L28, ndugu ya L24, ikiwa na turbo, au kwa RB26 au V8, njia ya nne ndiyo yenye hoja nzito zaidi kwa gari la barabarani. Kwa gari ambalo maisha yake ni uwanja wa mbio, skrini inashinda, kwa sababu kumbukumbu zake ndizo zinazookoa injini inayofuata.

Katika hali zote tatu, hata hivyo, kuna kitu kinachotangulia geji, nacho ni taa kubwa nyekundu yenye kengele ya presha ya oili na ya joto. Dereva anatazama barabara, na inavyopaswa kuwa ndivyo hivyo. Kanuni ya mafundi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Kompyuta inayopima presha dhidi ya mizunguko inaweza kuwasha taa, au kuzima injini, kabla jicho halijashuka. Joto nalo lina mtego wake: sensa inapima kile kinachoigusa, na maji yakivuja yote, inabaki ndani ya mvuke na mshale unaweza hata kushuka injini ikiwa inaungua. Swichi ya kiwango au ya presha ya maji inaziba pengo hilo kwa bei ndogo kuliko geji yoyote.

Mwisho ni nyaya. Sensa za kisasa hutuma volti 0.5 hadi 4.5. Kama ethi ya sensa imefungwa kwenye bodi lenye kutu na ethi ya geji mahali pengine, tofauti ya volti 0.1 tu kati ya sehemu hizo inageuka kuwa bar 0.25 kwenye sensa ya bar 10, na kwa injini inayosilensa kwa bar 1 hilo ni kosa la robo nzima. Ethi zote za sensa zirudi sehemu moja. Kisha geji zijaribiwe kabla dashibodi haijafungwa: presha ilinganishwe na geji ya mrija iliyofungwa kwa muda kwenye bloku ya injini, mwendo ulinganishwe na setilaiti, na sensa ya joto itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Dar es Salaam mshale usome 100. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na fundi asiyelijua hilo atairekebisha geji iliyo sahihi mpaka iwe na kosa la nyuzi sita.